Paa Linavuja Tegeta

3 Machi

Jua kali. Simu haikulia, ukiacha mtu mmoja aliyekosea namba akitafuta duka la vifaranga.

Mie na Tabu tunaziba mapaa yanayovuja. Yeye ndiye anayepanda. Mie napokea simu, nanunua vifaa na kuandika makadirio. Tulijuana kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tegeta, mie nikiwa muuzaji, yeye akija kununua skrubu za bati na kugombana na kila mtu kwamba mipira yake ya kuzuia maji ni feki. Mwaka jana tukaamua kufungua kampuni yetu, tukaiita Paa Kavu. Mume wangu Brightson, mwalimu wa jiografia, akatutengenezea tovuti likizo ya Krismasi. Alijifunza mwenyewe mtandaoni, akakaa nayo kama mtu anayeuguza mgonjwa, hata chakula tulikuwa tunampelekea hapohapo. Mpaka leo tovuti haijatuletea mteja hata mmoja. Tumeishi kwa wateja wa kuambiana, na sasa hao nao wameisha.

Mchana Tabu alikuja fremuni, ofisini kwetu, amefunga Ramadhani, midomo imemkauka. Akakaa kwenye ndoo ya rangi.

"Mjomba kanipigia," akasema. "Kapata kazi kubwa ya kupaua Dodoma, anataka niende nikasimamie mafundi."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia anipe masika haya. Masika ndiyo msimu wetu, Herieth. Mvua ikinyesha na simu isilie, mie hapa nangoja nini?"

Nilijifanya natafuta kalamu.

4 Machi

Jua. Simu kimya.

6 Machi

Nimekwenda kusuka kwa Loveness. Saluni yake iko nyuma ya nyumba yetu na hakuna anayeniambia ukweli kama yeye, uwe mtamu au mchungu. Nikamwomba kitu.

"Jifanye paa lako linavuja. Mvua inanyesha, umesimama sebuleni na beseni mkononi. Tafuta fundi kwenye simu."

Akafuta mafuta mikononi, akaandika: paa linavuja tegeta. Yakaja mambo chungu nzima. Mtu anauza mabati, mtu anauza kiwanja, mchungaji anahubiri. Sie hatumo.

Nikampa anuani ya tovuti yetu. Ukurasa ukaanza kufunguka kwa kujivuta, picha moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikatokea nyumba ya ghorofa yenye dohani ya kutolea moshi, paa lote jeupe.

"Mama Asifiwe, hii nyumba imefanyaje?"

"Ni theluji."

"Theluji Tegeta!"

Mama aliyekuwa kwenye draya akatoa kichwa aone. Wakacheka, na mie nikacheka, maana nilikuwa nimeiangalia picha ile tangu Krismasi na siku zote niliiona nzuri tu.

"Na hawa wazungu wenye kofia ngumu ndio nyie?"

"Loveness, endelea."

"Naendelea wapi? Kiingereza kimejaa hapa kama mkataba wa benki. Mie natafuta namba ya simu." Akashusha ukurasa, akashusha, akashusha. "Shoga, bando linaniishia na sebule imeshajaa maji. Ningemwita yule fundi wa pale kona, hata kama amelewa."

Nimerudi na nywele nzuri na kichwa kinachemka.

7 Machi

Nimemwambia Brightson. Nilianza kwa upole, nikamalizia vibaya, kwa sababu nilipofika kwenye theluji nilishindwa kujizuia kucheka.

"Theluji nayo ni mvua," akasema. "Imeganda tu."

"Baba Asifiwe, nani Boko ana theluji?"

"Tovuti ya kampuni lazima iwe na hadhi, Herieth. Mtu akiingia aone kwamba hawa si watu wa kubahatisha."

"Mtu haingii akague hadhi. Anaingia kwa sababu godoro lake linalowa."

Akaenda kusahihisha madaftari ya kidato cha pili, na nina hakika wale watoto leo wamepata alama za chini. Nimemwonea huruma. Kazi ile aliifanya kwa mapenzi, bila kuombwa mara mbili, na mie nimempelekea kicheko cha saluni.

8 Machi

Tumetoka kanisani, tumekula, mwanetu Asifiwe amelala. Brightson akaja jikoni na kompyuta yake mpakato, akaiweka kando ya sufuria ya wali.

"Huyo mtu wako mwenye beseni," akasema, "anataka kuona nini kwanza?"

Nilitaka kumkumbatia na mwiko wangu mkononi.

Tumekaa mchana kutwa. Theluji imetoka. Wazungu wametoka. Juu kabisa tumeandika: Paa linavuja? Tupigie sasa. Chini yake namba yangu, kubwa, ukiigusa inapiga yenyewe. Kisha kitufe cha kijani cha WhatsApp: Tutumie picha ya dari lako, tutakuambia tunavyoona. Yote Kiswahili, kile cha mtu aliyechoka. Tukataja mahali tunapofika: Tegeta, Boko, Bunju, Wazo, Salasala, Goba, Mbezi. Brightson ndiye aliyegundua kwamba mtu hatafuti "huduma za kuezeka", anatafuta "fundi wa paa Goba". Akazipunguza picha uzito mpaka ukurasa ukawa unafunguka kabla hujakohoa.

Picha zenyewe zimetoka kwenye simu ya Tabu: bati lililotoboka, bati lililozibwa, dari lenye doa, dari hilohilo safi. Zimepigwa kombokombo na ni za kweli.

Tabu mwenyewe kakataa kuonekana. "Uso wangu hauzibi paa. Waone kazi."

10 Machi

Mawingu. Yamekuja, yameangalia, yameondoka.

13 Machi

Mvua! Imeanza alfajiri, kwa vishindo, ikinyesha juu ya mabati ya mtaa mzima. Nilikuwa nakoroga uji, simu ikaita. Si kuita, ni mlio wa ujumbe. Mtu wa Wazo, hatumjui, hajatumwa na mtu. Katuma picha ya dari lenye doa kubwa la kahawia. "Nimewaona mtandaoni. Hili nalo linazibika?"

Nikamwonyesha Brightson. Akaitazama kitaaluma. "Hilo doa lina umbo la Madagaska kabisa."

Tabu amekwenda mvua ilipokatika, amelimaliza kabla ya futari. Tumefuturu pamoja kwao Kunduchi, mama yake katuwekea mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga. Tabu alikuwa mchangamfu. Dodoma haikutajwa.

16 Machi

Leo siandiki kwa furaha.

Mteja wa Mbezi alipiga simu, mstaarabu kabisa, tukakubaliana kila kitu. Tabu akaenda na ngazi yake juu ya bajaji. Getini yule baba akamtazama, akatazama nyuma yake.

"Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mie."

"Mie nilijua anakuja mwanaume. Ukianguka nitasema nini?"

Wala hakumfungulia geti. Tabu karudi na ngazi yake na swaumu yake. Kakaa kwenye ile ndoo, hakulia, na mie ndiye niliyekaribia kulia. Nikamwambia tusahau, wapo wengine.

"Sisahau," akasema. "Hii si mara ya kwanza, wewe hujui tu, huwaga sikwambii." Akavua buti, akakung'uta mchanga. "Piga picha."

"Picha gani?"

"Yangu. Niko juu ya paa, na hijabu yangu na mkanda wangu wa kujifungia. Weka juu kabisa, pale ilipokuwa theluji. Andika: Fundi wetu anaitwa Tabu. Anayetaka kunikataa anikatae akiwa kwake kwenye kochi, nisimalize nauli."

Nilimwambia tunaweza kupoteza wateja.

"Wale tunawapoteza getini," akajibu.

17 Machi

Picha imepigwa juu ya paa la saluni. Loveness alikuwa chini akipiga kelele Tabu ainue kidevu. Brightson ameiweka. Nimeitazama muda mrefu. Tabu amechuchumaa, skrubu mbili mdomoni, anaangalia kamera kama mtu aliyekatishwa kazi. Nimekuwa nikifanya naye kazi mwaka mzima na nilikuwa namwona kama mkali tu. Kwenye picha nimeona ni mtu anayependa anachokifanya.

19 Machi

Kimya. Nimejitahidi nisimkumbushe Tabu nilichosema.

20 Machi

Mvua ya mchana. Wamepiga watu watatu, wote wanawake! Wa kwanza anaitwa Apolonia, muuguzi, anajenga Kipawa na kwa sasa anapanga Boko. Mume wake yuko safarini. "Nimemwona fundi wenu," akasema, "nikasema afadhali. Nyumbani niko na binti zangu tu, kumwingiza fundi mwanaume chumbani hadi darini nilikuwa nasita." Wa pili kasema hivyohivyo kwa maneno mengine. Wa tatu alitaka tu kujua Tabu kanunua wapi zile buti.

Nimempigia Tabu kumwambia. Nikamsikia anamwita mama yake.

21 Machi

Idi. Biriani kwa kina Tabu. Nimekula mpaka nimefungua kifungo. Mjomba wa Dodoma alipiga simu kusalimia, Tabu akaongea naye nje, uani. Aliporudi hakusema walichoongea.

28 Machi

Mvua, mvua, mvua. Kila anayepiga anauliza yaleyale. Mnaweza kuziba wakati mvua inanyesha? Mnatoza kuja kuangalia? Bati la aina ya msauzi mnaliweza? Mtavunja dari? Nimeyaandika maswali kwa maneno yao wenyewe, na majibu kwa maneno ya Tabu, Brightson kayaweka kwenye tovuti. La kwanza Tabu kajibu: "Mvua ikinyesha sipandi, ila nakuja kuangalia maji yanapita wapi, maana jua likiwaka yanajificha." Sasa watu wanapiga wakiwa wameshajua mambo. Wanauliza tu: mnakuja lini?

5 Aprili

Pasaka. Mvua hata kanisani, mhubiri akapaza sauti. Mzee wa kanisa akaninong'oneza kwamba nyumba ya mchungaji inavuja. Nikamnong'oneza kwamba aingie kwenye tovuti.

14 Aprili

Nilijua mambo mazuri hayadumu.

Kwenye tovuti kuna sehemu ambapo wateja wanaandika maoni. Asubuhi nimekuta haya:

"Niliwaita Paa Kavu wiki iliyopita. Jana mvua imeingia sebuleni kama kawaida. Jina lao walibadilishe. Gozbert, mstaafu, Salasala."

Nilisoma nimesimama, nikakaa. Nikampigia Brightson shuleni. "Nayafuta sasa hivi," akasema. "Dakika moja tu." Na mie, nasema kweli, nilitaka ayafute. Nimehangaikia ule ukurasa kama mtoto, halafu mtu anakuja kuumwagia tope.

Tabu akaingia, nikampa simu asome.

"Ni kweli linavuja?" akauliza.

"Nimempigia. Anasema kaweka sufuria tatu."

"Basi kaandika ukweli. Yaacheni."

"Tabu, kila mtu atayaona!"

"Watayaona, na watatuona tunafanya nini. Chukua mwavuli."

Mvua ilikuwa inamwagika. Njia ya kuingia kwa mzee imekuwa mto, tukashuka kwenye bajaji na kutembea viatu mkononi. Mzee Gozbert alifungua mlango akiwa na redio kifuani, mrefu, amevaa sweta la kijani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmefuata nini, maoni yangu?"

"Tumefuata maji," Tabu akasema.

Mzee akasogea tukapita. Tabu akapanda darini na tochi, mie nikabaki chini nashika ngazi, mzee na mkewe wananiangalia. Ilikuwa aibu ndefu. Sufuria zilikuwa zinagonga ti, ti, ti, kila moja na sauti yake. Juu tukamsikia Tabu akitambaa, akinyamaza, akitambaa tena. Kisha sauti yake ikatoka gizani:

"Nimekosea!"

Akashuka amejaa vumbi na utando wa buibui mpaka kwenye kope. Akamweleza mzee kwa mkono, akichora hewani. Maji yanaingilia kule juu, mapaa mawili yanapokutana. Yanateremka kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati, yanasafiri mpaka upande wa pili, ndipo yanadondoka. Wiki iliyopita, jua likiwa linawaka, aliziba palipokuwa juu ya doa. "Niliona doa nikadhani nimeona tundu. Kosa ni langu, mzee. Mvua ikikatika napanda, na hunilipi tena."

Mzee Gozbert akazima redio.

"Nilijenga nyumba hii miaka mingi iliyopita," akasema, "wamepita mafundi humu siwahesabu. Hakuna aliyewahi kurudi kwa miguu yake."

Mkewe akatuletea chai ya tangawizi. Tukangoja. Mvua ilipokatika Tabu akapanda, akafanya kazi mpaka jua likaanza kuzama, na mzee amesimama chini anampa skrubu mojamoja.

15 Aprili

Nimeandika jibu chini ya maoni yake. Brightson alitaka kulipamba, nikamkataza. Nimeandika: "Mzee Gozbert anasema kweli. Tuliziba mahali ambapo sipo. Jana tumerudi wakati mvua inanyesha, tumeona maji yanakopita, tumetengeneza bure. Mvua ijayo tutampigia sie wenyewe kumwuliza. Tabu na Herieth."

Simu leo haijalia. Wala jana jioni haikulia. Nimekosa hamu ya kula.

17 Aprili

Mvua kubwa alfajiri. Nilisubiri kupambazuke vizuri, nikampigia mzee.

"Pakavu," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Nimekaa sebuleni nasikiliza mvua. Hata sikumbuki mara ya mwisho nilifanya hivyo lini."

Mchana yale maoni yake hajayafuta, ameongeza mstari: "Walirudi. Jina lao walibakize."

Brightson alipoona amecheka peke yake, akachukua mazungumzo yote, lawama, jibu letu na mstari wa mwisho, akayapandisha juu ya ukurasa, chini tu ya picha ya Tabu. Mwanzoni nilidhani amechanganyikiwa. "Mwanafunzi anayeleta daftari lililosahihishwa," akasema, "namwamini kuliko anayesema hajawahi kukosa." Nimemwangalia mume wangu na hadhi yake. Huyu ndiye aliyetuwekea theluji.

22 Aprili

Simu haipumui. Naandika hapa nikiwa na simu sikioni. Mtu wa Goba kaanza hivi: "Nyie ndio mliokosea Salasala mkarudi? Njooni na kwangu." Hajauliza hata bei.

25 Aprili

Wa nne huyo anayetuita "wale waliorudi".

29 Aprili

Tabu kachoka, mie nimechoka, tumegombana kwa sababu nimepanga kazi tatu siku moja, Bunju, Goba na Mbezi. Kaniuliza kama nadhani ana mabawa. Jioni nikamwomba radhi kwa mihogo ya kukaanga. Tumekubaliana amchukue Talha, mwenzake aliyesoma naye ufundi, ambaye amekaa Kigamboni bila kazi. Talha kaja na nyundo yake na hadithi zake, anaongea kuliko redio, na kazi yake ni safi.

6 Mei

Leo ujumbe umeingia kwenye tovuti kama jumbe nyingine zote, na picha ya dari. Nyumba iko Pugu. Pugu haimo kwenye orodha ya tunakofika, lakini huyu kaandika kwa unyenyekevu: najua ni mbali, naomba mnifikirie, nyumba wanaishi wapangaji wananisumbua. Nikamsomea Tabu jina la mtumaji.

Akaacha kutafuna.

"Rudia."

Nikarudia.

"Huyo ni mjomba wangu! Huyo wa Dodoma!"

Tumecheka mpaka Talha kaja kuuliza nani kafa. Mjomba alikuwa ametafuta tu fundi wa paa, akatukuta, akaandika bila kutazama picha vizuri. Tabu akampigia kwa simu yangu, akaweka spika.

"Shikamoo mjomba. Paa Kavu hapa."

"Marahaba, mama. Mmepata ujumbe wan... Tabu?"

"Ndiye mie."

Mjomba akakohoa kidogo. "Kwa hiyo huko simu zinalia?"

"Hata wewe umetutafuta, mjomba."

Mjomba akacheka, kicheko cha tumbo. "Basi Dodoma nitamtafuta mwingine," akasema. "Ila Pugu unakuja?"

Tabu alinitazama alipokuwa anajibu. "Tunakuja. Mimi na mwenzangu."

Nilitoka nje kidogo, nikajifanya naangalia kama nguo zimekauka. Sina nguo fremuni.

12 Mei

Manyunyu tu. Mapaa yanakauka.

20 Mei

Masika yameisha, hewa imepoa, na nilidhani simu nayo itapoa. Haikupoa. Apolonia yule muuguzi kuta zake za Kipawa zimefika juu, na ametupa kazi ya kupaua nyumba nzima, kuanzia kenchi mpaka bati la mwisho. Kazi yetu ya kwanza ya nyumba mpya.

Leo walikuwa wanafunga mabati ya mwisho. Nilikwenda kupiga picha za tovuti. Nikazunguka chini, nikapiga kutoka kila upande, Tabu akawa anatazama kutoka juu akitikisa kichwa.

"Unapiga picha za kuta! Panda."

"Mie?"

"Wewe ndiye unayewaambia watu paa likoje. Njoo ulione."

Talha akashika ngazi, Apolonia akashika mkoba wangu. Nikapanda nimefumba jicho moja, kitu ambacho hakikusaidia lolote. Tabu alinipokea kwa mkono, akanifunga ule mkanda wake kiunoni, akanikalisha kwenye kilele, mguu huku na mguu huku, kama mtu aliyepanda punda. Bati lilikuwa na joto zuri la asubuhi. Nikafumbua. Yakawa mapaa mpaka macho yanapoishia, ya kijani, ya bluu, mekundu, yenye kutu, na minazi imechomoza katikati. Chini ya kila moja kuna watu. Nilikaa pale nikapumua.

Simu ikaita mfukoni.

"Paa Kavu, habari za asubuhi," nikasema, na ndege ikaja kushuka uwanja wa ndege wa jirani, kubwa, chini kabisa, mngurumo umeijaza dunia. Nikapiga kelele, "Subiri kidogo mama, ndege inapita!"

Ilipopita, yule mama akauliza, "Kwani uko wapi wewe?"

"Niko juu ya paa."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Nimelikalia."

Nikamsikia akimgeukia mtu mwingine ndani ya nyumba yao na kusema, kwa furaha, kana kwamba ananifahamu siku nyingi: "Nimewapata. Wako kazini."